Kabla Hujamzimia Mtoto Filamu ya Uchawi

Likizo ikifika, swali ni lilelile: mtoto kaipata filamu yenye uchawi kwenye flashi ya rafiki yake, anang'ang'ania kuitazama, mzazi afanyeje? Wapo wanaozima runinga bila kusema neno. Wapo wanaoiacha iendelee, wao wakarudi kwenye shughuli zao, maadamu watoto wametulia. Njia zote mbili zinamwacha mtoto peke yake: ama na alichokiona, ama na alichokatazwa akaenda kukitazama kwa jirani. Mimi nashauri njia ya tatu, nayo inadai muda: kaa naye, itazameni pamoja, kisha mzungumze. Lakini ushauri wa juujuu haumsaidii mtu aliyekwisha shika rimoti, kwa hiyo nitachukua filamu moja na kuipitia.

Filamu hiyo ni The Sorcerer's Apprentice, ya Disney, iliyotoka Julai 2010. Aliyeiongoza ni Jon Turteltaub, mtayarishaji ni Jerry Bruckheimer, na nyota wake ni Nicolas Cage. Watatu hao ndio walioshirikiana katika National Treasure ya mwaka 2004. Iligharimu takriban dola milioni 150 na kuingiza kama milioni 215 duniani kote, mapato ambayo kwa filamu ya gharama hiyo si ya kujivunia, na wahakiki wengi hawakuipenda. Nadhani waliitazama kwa jicho la watu wazima waliochoshwa na mazimwi ya kompyuta. Kwa familia yenye watoto ni filamu yenye moyo mwema, inachekesha bila matusi, na inafungua mazungumzo ambayo mzazi hapaswi kuyaacha yapite.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 740 Merlin, yule mchawi wa hadithi za kale za Uingereza, ana wanagenzi watatu: Balthazar, Veronica na Horvath. Horvath anamsaliti bwana wake, anajiunga na adui yao Morgana, na Merlin anauawa. Kabla ya kukata roho anamkabidhi Balthazar pete yenye umbo la joka pamoja na kazi moja: amtafute mtoto atakayerithi nguvu zake. Balthazar anatafuta kwa zaidi ya miaka 1,000, mpaka siku anapoingia dukani kwake huko Manhattan, New York, mtoto wa miaka 10 anayeitwa Dave. Sehemu kubwa ya filamu inatokea miaka 10 baadaye, Dave akiwa mwanafunzi wa fizikia chuo kikuu, mpole na mwoga, mwenye maabara chini ya ardhi kwenye njia ya treni iliyoachwa. Cage ni Balthazar, Jay Baruchel ni Dave, na Alfred Molina ni Horvath, mwovu mtanashati mwenye kofia na fimbo.

Tuanze na umri. Marekani iliipa daraja la PG, na hapa wazazi wengi hujidanganya kwamba alama hiyo ni sawa na "ya watoto". Maana yake ni kwamba mzazi awepo. Bodi ya Kenya ya kuainisha filamu nayo hutumia alama hiyohiyo, tofauti na GE, ambayo ndiyo ya kila mtu. Kwa filamu hii mimi naweka miaka 8. Wa miaka 5 au 6 asubiri. Horvath anapotoka kifungoni anajiunda kutokana na kundi la mende. Joka la maonyesho linalochezeshwa na watu katika mtaa wa Chinatown linageuka joka la kweli na kumfukuza Dave. Morgana anakusudia kulifufua jeshi la wachawi waliokufa. Mkubwa anaona michoro; mdogo anaona mende wanaogeuka mtu, na usiku atakuja kulala kwenu.

Hata hivyo filamu inajua kupoza ilipochoma. Mbwa mwitu wanaomvamia Dave wanageuzwa kuwa vitoto vya mbwa, na tai wa chuma wa jengo la Chrysler anabanduka ukutani na kuwa kipando. Fahali wa shaba wa Wall Street naye anapata uhai. Huyo ni sanamu ya kweli, kazi ya Arturo Di Modica, ipo New York tangu 1989, na mtoto atafurahi kuiona picha yake kwenye simu. Kama huna nafasi ya kuitazama yote kabla yao, tazama dakika 20 za mwanzo na 20 za mwisho. Vitisho vingi viko huko.

Usikimbilie uchawi kabla hujagusa jambo ambalo kwa mtoto wako linaweza kuwa kubwa zaidi. Dave anapotoka mbio katika lile duka, suruali yake imelowa maji, na wenzake wa darasani wanadhani amejikojolea. Wanamcheka. Anaeleza aliyoyaona na hakuna mkubwa anayemwamini. Miaka 10 baadaye bado anaibeba aibu hiyo, na msichana aliyempenda siku ile, Becky, anapomkuta chuoni, jambo la kwanza linalomtia hofu ni kwamba atamkumbuka kwa kioja kile. Filamu inapita hapo kwa utani. Wewe usipite. Simamisha, uulize kwa sauti ya kawaida: "Shuleni kwenu kuna mtoto anayechekwa hivi?" Usiulize kama yeye ndiye anayechekwa; akianza kumsimulia mwenzake, mara nyingi atafika kwake mwenyewe. Nawaomba sana wazazi mnisikilize hapa. Mtoto anayechekwa darasani huweza kukaa kimya muhula mzima, na hadithi ya mtu mwingine ndiyo inayomfungua mdomo.

Sasa tuje kwenye kipande ambacho kwangu ndicho kinachoipa filamu thamani yake. Dave anamsubiri Becky, na maabara ni chafu. Amekwisha fundishwa kidogo, kwa hiyo anaamuru fagio, mabrashi na vitambaa vijisafishie vyenyewe, akaenda kuoga. Akirudi, maji yamejaa sakafuni, vifaa vya umeme vimezungukwa, na hajui amri ya kuvisimamisha. Balthazar ndiye anayeokoa jahazi, na anamgombeza kama inavyostahili.

Kisa hicho ni cha kale kuliko Disney. Wengi wanakikumbuka kupitia Mickey Mouse katika Fantasia ya mwaka 1940, iliyotumia muziki ambao Mfaransa Paul Dukas aliutunga mwaka 1897, naye Dukas alilifuata shairi la Mjerumani Goethe la mwaka 1797. Lakini nyuma yao wote yuko Lucian, mwandishi wa karne ya pili aliyetoka Samosata na kuandika kwa Kigiriki, naye anakiweka kisa hiki Misri. Kijana anafuatana na mjuzi wa Kimisri ambaye hata watumishi hahitaji: huuvika mchi nguo, akautamkia maneno, nao ukaenda kuteka maji. Kijana anayaiba maneno kwa kusikiliza gizani. Siku mjuzi hayupo anauamuru mchi, nao unateka na kuteka mpaka nyumba inajaa. Anachukua shoka na kuupasua vipande viwili. Sasa vinateka vyote viwili. Msimulie mtoto kisa hiki kabla ya filamu, au siku ya pili yake. Mchi anaujua, ndoo anaijua, na bara ni lake. Kumbe habari iliyomfikia kutoka New York ilitoka mtoni Nile.

Kisha mwulize mtoto: Dave alikosa nini? Watoto wengi watajibu kwamba hakujua kusimamisha. Ni jibu sahihi, ila usiridhike nalo. Alijua pia kwamba hajamaliza kujifunza, akaficha. Hili linazungumzika katika mambo ya nyumbani kwenu bila uchawi wowote: mtoto aliyewasha jiko la gesi akashindwa kulizima, aliyejiunga na kundi la mtandaoni asijue namna ya kutoka, aliyekopa hela kwa mwenzake. Kijana wa gereji aliyekwisha jua kufungua injini ana hatari kuliko asiyejua kitu, kama fundi wake hayupo kumwonyesha namna ya kuifunga. Ndiyo maana kila mara nawaambia wazazi kwamba filamu hii, chini ya moto na miujiza yake, inahusu mafunzo: mwalimu mkali, mwanafunzi mvivu wa subira, na mazoezi yanayochosha. Kijana hapati kitu kwa kutikisa kidole tu.

Na fizikia ya kweli imo. Maabara ya Dave imejaa koili za Tesla, mitambo aliyoibuni Nikola Tesla mwaka 1891. Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika eneo ambalo leo ni Kroatia, akahamia Marekani, na akafia New York mwaka 1943, katika mji huohuo wa filamu. Katika tukio zuri kuliko yote, Dave anazifanya koili hizo zimpigie Becky muziki. Mtoto ataapa kwamba huo nao ni uchawi. Mweleze kwamba hapana. Cheche ya umeme huipasha hewa joto ghafla, hewa hutanuka, na kutanuka huko ndiko mlio. Ni sababu ileile inayofanya radi ingurume. Ukiwasha na kuzima cheche hizo mara 440 kwa sekunde, sikio linasikia noti moja ya muziki. Ukibadilisha idadi, noti inabadilika. Watu wanafanya hivyo kweli. Na sema waziwazi kwamba umeme wa namna hiyo unaua, usije ukamkuta anachokonoa soketi. Mwishoni Dave anamshinda Morgana kwa kuunganisha aliyofundishwa na Balthazar na umeme aliousoma chuoni, tena akiwa hana pete kidoleni. Kwa mtoto anayesikia kila siku habari za hirizi na pete za bahati, hilo ni la kulikazia.

Kuna uongo mmoja wa kusahihisha palepale. Balthazar anamwambia Dave kwamba watu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo, na wachawi huzaliwa na uwezo wa kuutumia wote. Hiyo ni dhana potofu iliyoenea sana, hata walimu wengine huirudia. Ubongo wote unafanya kazi, hata usingizini. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini unakula takriban asilimia 20 ya nguvu ambazo mwili unazitumia; mwili usingelisha kwa gharama hiyo kitu kinacholala bure. Mtoto anayefeli hesabu asije akaamini kwamba wenzake wamezaliwa na sehemu ya kichwa ambayo yeye hana. Kwa sababu hiyohiyo siipendi kauli ya filamu kwamba Dave ni mteule tangu tumboni. Ninachokithamini kwake ni kile alichokipata kwa kusoma usiku.

Sasa uchawi wenyewe. Katika nyumba zetu hili si jambo dogo, na sitaki kulidharau. Kwa Waislamu sihiri ni miongoni mwa madhambi makubwa. Wakristo wengi nao wanaikataa kwa nguvu zote. Kama dini yako imekwisha kukuamulia kwamba filamu hizi haziingii nyumbani, shika msimamo wako, ila mwambie mtoto sababu, kwa upole, na umpe kingine cha kutazama jioni ileile. Anayezimiwa bila maelezo anajifunza kujificha.

Anayeruhusu ajiandae kwa swali. "Mama, kweli mtu anaweza kutoa moto mkononi?" Jibu liwe fupi: "Hapana, mwanangu. Mwigizaji ameinua mkono mtupu, moto wamekuja kuuchora kwa kompyuta baadaye." Wala usimwambie kwamba kila kitu ni kompyuta, kwa sababu mbio za magari zina magari ya kweli. Mei 2009, wakipiga picha usiku katika Times Square, gari moja aina ya Ferrari liliwashinda, likaparamia mgahawa, na wapita njia wakaumia. Mtoto wa kiume wa miaka 12 anahitaji kulijua hilo.

Lakini lipo jambo zito zaidi ambalo filamu imeligusa kwa wepesi mno. Horvath anamfungua kutoka kifungoni msichana mdogo aitwaye Abigail Williams, amevaa nguo za zamani, na filamu inasema ni mchawi wa Salem. Abigail Williams alikuwepo kweli. Aliishi Salem, Massachusetts, na mwaka 1692 alikuwa na miaka kama 11. Hakuna aliyemhukumu kwa uchawi. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wakiwanyooshea wengine kidole, na kwa maneno ya watoto hao na ya wakubwa waliowaunga mkono, watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, alikufa kwa kukandamizwa na mawe kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Wote hawakuwa na hatia. Filamu imemgeuza mshitaki kuwa mchawi, na ikapita.

Sisi hatuwezi kupita. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania, Mwanza na Shinyanga, bibi wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitokana na moshi: miaka 40 au 50 ya kupika kwa kuni na kwa samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizohizo, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mtu fulani aliahidiwa utajiri. Katika nchi hizi mtoto anayeangalia filamu ya uchawi haangalii hadithi tupu. Kichwani ana maneno aliyoyasikia kisimani na kwenye daladala kuhusu bibi wa nyumba ya tatu.

Kwa hiyo nakusihi, hata kama mengine yote utayasahau, hili ulifanye. Filamu ikiisha, mwambie mtoto kwa jina la mtu anayemjua: bibi fulani wa mtaani ana macho mekundu kwa sababu ya moshi, na ukisikia mtu anamwita mchawi, njoo uniambie. Kisha mpeleke akamsalimie. "Shikamoo bibi" moja, na kumsogezea ndoo ya maji, vinafuta hofu ambayo hotuba haiwezi kuifuta. Mwambie pia kwamba mtu akiugua, jibu ni kituo cha afya, na kwamba mtoto akimsingizia mtu mzima jambo la uchawi anaweza kumfanya auawe. Mtoto wa miaka 10 anaelewa. Watoto wa Salem walikuwa wa umri huo.

Neno kuhusu matoleo yaliyotafsiriwa. Wengi wetu tunazipenda filamu zikisimuliwa na madijei. DJ Afro wa Kenya amejenga jina lake humo, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Ni sanaa ya kweli, inamfanya hata asiyejua Kiingereza afaidi. Ila msimulizi huongeza ya kwake, na utani unaokubalika kwenye kibanda cha video huenda usikubalike sebuleni mbele ya wakwe. Sikiliza wewe kwanza. Vilevile kwa filamu hii tafsiri ya haraka humeza mazungumzo ya Dave na mwalimu wake, ikabaki milipuko tu. Kama kuna mkubwa nyumbani anayejua Kiingereza, afadhali yeye awe mkalimani.

Kama umesoma mpaka hapa na bado moyo unasita, zipo filamu nyingine zinazoweka miujiza katikati ya maisha ya leo. Enchanted ya mwaka 2007, ambamo msichana wa katuni anajikuta Times Square, ni laini zaidi, na wa miaka 6 anaiweza. Onward ya mwaka 2020 inahusu ndugu wawili wanaopewa nafasi ya kumrudisha baba yao aliyefariki kwa siku moja tu. Mwongozaji wake, Dan Scanlon, alifiwa na baba akiwa mtoto mchanga. Ni nzuri mno, lakini kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyefiwa, usimwachie aitazame peke yake, wala usishangae akitaka kuzungumza saa nzima baada yake.

Kuhusu The Sorcerer's Apprentice, hukumu yangu ni kwamba inafaa kwa watoto wa miaka 8 hadi 14, mzazi akiwepo. Mwisho wake una haraka, na Becky kaandikwa kidogo mno kwa msichana ambaye, pambano likipamba moto, ndiye anayepanda juu ya paa na kuikatiza mipango ya Morgana. Mabinti watakuuliza kwa nini, na wako sahihi. Anza saa kumi alasiri, si usiku, ili hofu ipate muda wa kutoka kabla ya kulala. Ina dakika 109, kwa hiyo chakula kipikwe mapema. Na majina yakianza kupita usizime: kuna kipande kifupi cha Horvath mwishoni kabisa, na watoto wataanza kukuuliza lini inatoka ya pili. Waambie kwamba haikutengenezwa.